Kura ya maoni imeisha, ugomvi haujaisha: tunabishania nini hasa?

KalamuKavu (mleta mada)

Wakuu salaam.

Matokeo ya kura ya maoni yakitoka yamekaribiana, yanayofuata huwa yaleyale nchi yoyote ile. Walioshinda: "Wananchi wameshaamua, tulieni." Walioshindwa: "Tumeibiwa", au "watu walidanganywa", au "asilimia 52 ndiyo nchi nzima?" Wiki ya pili makundi ya ukoo na ya kazini yameshapasuka, na hakuna hata mmoja aliyebadili msimamo.

Hasira ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Kubwa ni kwamba watu wanne kwenye kundi moja wanabishania mambo manne, kila mmoja akidhani anajibiwa yeye. Wa kwanza anasema kura zimechakachuliwa. Wa pili anasema kura zimehesabiwa sawa ila swali lilikuwa la mtego. Wa tatu hana neno na swali wala hesabu, anasema wingi ule hautoshi kubadili jambo zito namna ile. Wa nne anakubali yote hayo, anachogombea ni maana: serikali imeruhusiwa kufanya nini hasa? Ushahidi wa kila mmoja ni wake na mahali pa kuupeleka ni pake. Ukimwonyesha fomu za matokeo anayelalamikia swali, umempigia mbuzi gitaa.

Mfano wa Uingereza, 23 Juni 2016. Waliotaka kujitoa Umoja wa Ulaya 17,410,742, waliotaka kubaki 16,141,241. Ugomvi wa kuhesabu kura haukuwepo wa maana. Karatasi ya kura ilikuwa na machaguo mawili, kubaki mwanachama au kujitoa, basi. Haikusema wakijitoa watabaki kwenye soko la pamoja au la, watabaki kwenye umoja wa forodha au la. Kwa hiyo miaka zaidi ya mitatu Bunge likavutana juu ya kitu ambacho mpiga kura hakuulizwa, mpaka nchi ikatoka rasmi 31 Januari 2020.

Linganisha na kura ya jimbo la Quebec kujitenga na Kanada, mwaka 1995. HAPANA asilimia 50.58, tofauti kura 54,288, huku kura zilizokataliwa zikizidi 86,000. Kura zilizokataliwa nyingi kuliko tofauti! Pale ugomvi wa hesabu ulikuwa na miguu ya kusimamia.

Karibuni. Mwenye hoja inayopimika aiweke hapa, mwenye matusi kuna nyuzi nyingine.

---

Hesabu_Kwanza

Mleta mada umeanza vizuri. Mimi nashika penseli.

Asilimia inayotangazwa ni ya kura halali, siyo ya watu wote. Ukitaka ya walioandikishwa, zidisha asilimia ya ushindi kwa asilimia ya waliojitokeza. Uingereza 2016: 51.9 mara 72.2 gawa kwa 100 unapata takriban 37.5. Waliotaka kubaki, kwa njia hiyohiyo, 34.7. Karibu asilimia 28 hawakwenda kabisa.

Sasa angalia hesabu hiyo inavyotumiwa. Mshindwa anapiga kelele "ni asilimia 37 tu walioamua!" Kweli, ila anaificha ile 34.7 ya upande wake. Mshindi naye akisema "zaidi ya nusu ya nchi" amewaongezea kura watu waliobaki nyumbani. Aliyebaki nyumbani usimpe upande wowote. Kolombia, tarehe 2 Oktoba 2016, makubaliano ya amani kati ya serikali na waasi wa FARC yalikataliwa kwa asilimia 50.2, tofauti haikufika kura 54,000, na waliojitokeza hawakufika asilimia 38. Siku ileile pwani ya Karibi ilikuwa inapigwa na mvua za kimbunga Matthew. Yupo aliyeapa kwamba bila mvua NDIYO ingeshinda, lakini hicho ni kitu hakipimiki.

Kosa la ramani ndilo linaloniudhi zaidi. Ramani ikipakwa rangi moja kwa kila eneo, watu wanaanza kusema "wale wa kule". Scotland ilichagua kubaki kwa asilimia 62, na bado zaidi ya watu 1,000,000 wa Scotland walipiga kura ya kujitoa. London, inayoitwa ngome ya kubaki, ilitoa zaidi ya kura 1,500,000 za kujitoa, yaani nyingi kuliko Scotland yote. Ukimtukana mtu kwa eneo alikotoka, una nafasi kubwa ya kumtukana mwenzako wa upande wako.

Na hizi habari za "vijana walipiga hivi, wazee vile": karatasi ya kura haina umri. Takwimu hizo zinatoka kwenye tafiti za kuhojiana. Sampuli ya watu 1,000 ina ukingo wa makosa wa kama pointi 3 juu au chini. Ukichomoa vijana 150 ndani ya sampuli hiyo, ukingo unafika pointi 8. Mtu akikuletea tofauti ya pointi 5 baina ya makundi madogo, mwulize sampuli ya kila kundi ilikuwa watu wangapi. Mara nyingi uzi unaishia hapo.

---

Ngome7

Maneno mengi wakuu. Kanuni ilijulikana kabla ya mechi: nusu jumlisha moja. Ukitaka theluthi mbili ungedai kabla ya kupiga kura.

Tena mnajua kioja cha Uingereza? Lile ombi la bungeni lililosainiwa na zaidi ya watu milioni 4 wakitaka kura irudiwe kama mshindi hajafika asilimia 60 na waliojitokeza hawajafika 75, lilifunguliwa kabla ya kura, na aliyelifungua alikuwa wa upande wa KUJITOA, akihofia kushindwa. Upande wake uliposhinda, wapinzani wake wakalidandia. Kanuni anayoikumbatia kila anayeshindwa si kanuni hiyo.

---

WakiliZamu

Ngome7, kwenye suala la muda niko nawe. Kiwango cha ushindi kiwekwe kwenye sheria inayoitisha kura. Ila usiseme nusu jumlisha moja ndiyo desturi ya dunia, maana si kweli.

Scotland 1979, kura ya kuwa na bunge lao la ndani, ni mfano wa kufundishia. Sheria ilitaka NDIYO ipate asilimia 40 ya walioandikishwa. NDIYO ikapata asilimia 51.6 ya kura, lakini hiyo ilikuwa asilimia 32.9 tu ya daftari. Ikafa. Kasoro ya kanuni hiyo ni kwamba asiyekwenda kituoni anahesabika sawa na aliyepiga HAPANA, na daftari lisiposafishwa, hata marehemu anakuwa mpinzani.

Akidi ya waliojitokeza, yaani kiwango cha chini cha watu wanaotakiwa kupiga kura, ina ugonjwa wake. Italia, kura ya kufuta sheria haina nguvu mpaka zaidi ya nusu ya wapiga kura wajitokeze. Matokeo yake wapinzani hawapigi kampeni ya HAPANA, wanapiga kampeni ya "kaeni nyumbani". Hungaria Oktoba 2016, kura juu ya kugawiwa wakimbizi na Umoja wa Ulaya, asilimia 98 ya kura halali zilikuwa upande mmoja, ule wa serikali, na kura yote ikawa batili kwa sababu kura halali hazikufika nusu ya walioandikishwa. Sudan Kusini Januari 2011 walitakiwa kujitokeza asilimia 60, na pale haikuwa shida: karibu asilimia 99 walichagua kujitenga na waliojitokeza walivuka kiwango kwa mbali.

Njia ya tatu ni kugawa kijiografia. Australia inataka wingi wa kura kitaifa pamoja na majimbo 4 kati ya 6. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 255, kwa mambo mazito kama Sheria ya Haki, muhula wa rais na ugatuzi, inataka wingi wa kawaida wa kura, na angalau asilimia 20 ya walioandikishwa wawe wamepiga kura katika angalau nusu ya kaunti, maana yake kaunti 24 kati ya 47. Maoni yangu: ukilazimika kuweka kizuizi, weka cha kijiografia. Kina kasoro zake, lakini anayepinga bado ana sababu ya kujitokeza. Akidi ya jumla inamzawadia anayelala.

---

SautiKisimani

Haya, sheria tumesikia. Sasa turudi mtaani. Picha ya fomu ya matokeo inasambaa, imezungushiwa wino mwekundu, chini imeandikwa "WIZI MCHANA KWEUPE SAMBAZA". Mtu wa kawaida ataijuaje kama ni kweli? Maana ukiikataa unaitwa kibaraka, ukiisambaza unaweza kujikuta polisi.

---

FomuNaMihuri

Swali zuri. Fomu inasomeka, tena kwa dakika chache, ukijua pa kuangalia.

Anza na utambulisho: jina la kituo, namba ya kituo, eneo. Picha iliyokatwa juu ili namba isionekane, acha hapohapo. Halafu tafuta fomu ya kituo hichohicho kwenye tovuti ya tume au iliyobandikwa mlangoni pa kituo, uziweke pamoja. Kama tume haichapishi fomu za kila kituo, hilo lenyewe ni dai halali, na lina nguvu kuliko picha kumi.

Kisha hesabu. Tuchukue fomu ya kubuni: walioandikishwa 612, NDIYO 241, HAPANA 198, zilizoharibika 9. Jumla 448. Kama kwenye "jumla ya waliopiga" imeandikwa 484, tofauti ni 36. Gawa kwa 9: inagawanyika bila baki. Tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, yaani 448 imeandikwa 484. Wahasibu wanaujua mchezo huu. Haithibitishi kwamba ni bahati mbaya, lakini uangalie kwanza kabla ya kuita wizi. Kama tofauti ni 100 kamili, shuku makosa ya kujumlisha kwenye safu ya mamia. Kama jumla imezidi 612, hapo una jambo, isipokuwa sheria iliruhusu watu kuongezwa siku ileile, kwa mfano wafanyakazi wa kituo waliohamishiwa hapo.

Saini za mawakala: wa pande zote mbili wapo? Wakala aliyekataa kusaini aliandika sababu? Fomu isiyo na saini ya upande mmoja haiwi batili yenyewe kwa sheria za nchi nyingi, ila sababu iliyoandikwa ni ushahidi, na isiyoandikwa ni maneno matupu. Mawakala wengi hukosea hapo: wanagoma kusaini kwa hasira, wanaondoka, na hawaachi hata mstari mmoja.

Sasa la muhimu kuliko yote. Fomu moja mbovu haisemi kitu. Maelfu ya fomu zinajazwa usiku na watu waliochoka tangu alfajiri, makosa yatakuwepo. Unachotafuta ni MWELEKEO. Makosa ya uchovu yanaangukia pande zote. Kusanya fomu zenye kasoro, hata 50, uzipange: ngapi zimeinufaisha NDIYO, ngapi HAPANA? Zikikaribiana, nenda kalale. Zikiwa 47 kwa 3, tafuta wakili.

Angalia pia kura zilizokataliwa. Quebec 1995 wastani ulikuwa chini ya asilimia 2, lakini eneo la Chomedey zilizidi asilimia 11. Mzozo ulikuwa juu ya alama gani inakubalika: msalaba uliopinda, mstari uliopita kidogo nje ya duara. Msimamizi mmoja anakubali, wa chumba cha pili anakataa. Wizi wa namna hiyo, kama ni wizi, hauonekani kwenye jumla kwa sababu hesabu inabalansi vizuri kabisa. Unaonekana ukilinganisha kiwango cha kukataliwa kituo kwa kituo.

---

Hesabu_Kwanza

Nakazia hapo kwa FomuNaMihuri, na tahadhari moja: vituo vidogo vya hospitali au kambi vinaweza kufika asilimia 95 au 100 ya waliojitokeza kihalali, kwa sababu watu wote wako hapohapo. Asilimia 100 kwenye kituo cha watu 40 si sawa na asilimia 100 kwenye kituo cha watu 700.

---

MtuPembeni

Nimesoma nimeelimika. Lakini tuseme una fomu zako 47. Mahakama inataka nini? Maana kila mara tunasikia "kasoro zilikuwepo ila hazikuathiri matokeo".

---

WakiliZamu

Sentensi hiyo ndiyo kesi yenyewe, mkuu. Mahakama nyingi zinauliza mambo mawili: sheria ilivunjwa? Na je, uvunjaji huo uliathiri matokeo kwa kiasi cha kuonekana? La kwanza linathibitika kwa urahisi. La pili ndiko kesi zinakofia.

Ireland, Novemba 1995, kura ya kuruhusu talaka. Wiki moja kabla ya kura, Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali ilikosea kutumia fedha za umma kupigia debe upande mmoja. NDIYO ikashinda kwa kura 9,114 tu, asilimia 50.28. Ungesema kesi imeshashinda kabla haijafunguliwa. Ikafunguliwa, ikashindwa: mlalamikaji hakuweza kuonyesha kwamba matangazo yale ndiyo yaliyoamua matokeo.

Uswisi ikaenda kinyume. Februari 2016 wananchi walikataa pendekezo la kuondoa mzigo wa kodi kwa wanandoa, HAPANA asilimia 50.8. Kabla ya kura serikali ilisema wanandoa wanaofanya kazi wote wawili na wanaoathirika ni kama 80,000. Baadaye ikakiri ni 454,000. Aprili 2019 Mahakama ya Shirikisho ikafuta matokeo, miaka mitatu baadaye. Kilichowabeba ni vitu viwili: kosa lilikuwa namba moja mahususi kwenye maelezo rasmi waliyopewa wapiga kura, na tofauti ya kura ilikuwa ndogo. "Walitudanganya kwenye kampeni" kwa ujumla wake haifiki popote. Ahadi ya mwanasiasa jukwaani ni siasa. Namba ya uongo kwenye kijitabu cha serikali ni ushahidi.

Kwa hiyo, wenye picha: tunza faili halisi kutoka kwenye simu iliyopiga, siyo iliyopita kwenye makundi, maana huko inabanwa na taarifa za tarehe zinapotea. Andika nani alipiga, wapi, saa ngapi, asaini. Na kimbieni. Muda wa kufungua shauri ni mfupi sana, Ireland ni siku 7 tangu matokeo ya awali yachapishwe. Watu wanamaliza wiki nzima wakitukanana mtandaoni, wakija ofisini muda umepita.

---

Ngome7

Na huu mtindo wa kurudia kura mpaka watu waseme NDIYO mnauonaje? Ireland hiyohiyo: mkataba wa Umoja wa Ulaya uitwao Nice, 2001 walikataa, 2002 wakaulizwa tena wakakubali. Mkataba mwingine wa Umoja huo, wa Lisbon, 2008 wakakataa, 2009 wakaulizwa tena wakakubali. Demokrasia gani hiyo? Walipokubali mbona hawakuulizwa mara ya tatu?

---

KalamuKavu

Hapo umegusa penyewe. Tuweke kumbukumbu sawa kwanza.

Nice 2001: HAPANA asilimia 53.9, waliojitokeza asilimia 34.8 tu. 2002: NDIYO 62.9, waliojitokeza karibu nusu. Lisbon 2008: HAPANA 53.4. 2009: NDIYO 67.1. Katikati ya kura mbili za Lisbon kulikuwa na mabadiliko: Ireland ilipata maandishi kuhusu kutofungamana kwake kijeshi, kodi, utoaji mimba, na kila nchi kubaki na kamishna wake kwenye Tume ya Ulaya. Mkataba wenyewe haukubadilishwa herufi, dhamana ziliwekwa pembeni. Anayesema waliulizwa swali lilelile ana hoja, na anayesema mazingira yalikuwa mengine naye ana hoja.

Lakini kurudia siyo njia pekee ya kukwepa matokeo, wala siyo mbaya kuliko zote. Ugiriki, 5 Julai 2015, asilimia 61 walikataa masharti ya wakopeshaji. Tarehe 13 Julai, siku nane baadaye, serikali ileile iliyopigia debe HAPANA ikakubali masharti magumu. Kolombia walijadiliana upya, wakasaini makubaliano mapya 24 Novemba 2016, safari hii wakayapeleka bungeni bila kurudi kwa wananchi. Uswisi 2014 walikubali kwa asilimia 50.3 kuweka viwango vya wahamiaji, halafu Bunge likatunga sheria laini inayowapa wakazi wasio na kazi kipaumbele, bila viwango vyenyewe.

Kati ya zote hizo naona ya Ireland ndiyo iliyo wazi zaidi, kwa sababu aliyesema HAPANA alirudishiwa karatasi mkononi aseme tena. Aliyefanyiwa kama Ugiriki hakuulizwa kitu.

Kipimo changu: kura irudiwe kama waraka umebadilika kwa maandishi, au kama kanuni ya kurudia iliwekwa mapema na inatumika kwa pande zote. Kurudia kwa sababu "wengine wamejuta", hapana. Kujuta kunapimwa kwa tafiti, na tafiti Hesabu_Kwanza ameshatueleza.

---

Ngome7

Sikubaliani na "iliyo wazi zaidi", lakini ya Ugiriki nakuachia.

---

BibiRatiba

Mmezama kwenye mahakama, wacha niseme ya makundi, maana huko ndiko watu wanapoteana. Haya ni kwa wasimamizi wa makundi ya ukoo, ya kazi, ya wazazi wa shule.

Saa 72 za kwanza zuia ujumbe uliosambazwa usio na chanzo. Siyo kuzuia mjadala, kuzuia vilivyosambazwa tu. Mtu akitaka kusema jambo aandike kwa maneno yake. Wengi hawataandika, na kundi litatulia lenyewe.

Tenga mahali. Kundi la mazishi au la ada libaki na kazi yake. Fungua la pembeni la mjadala, anayetaka aingie. Kosa linalorudiwa ni msimamizi kupiga marufuku siasa kabisa: watu wanahamia kwa ujumbe binafsi na kule wanaambiana mabaya zaidi, bila shahidi.

Usiulize wala usiruhusu mtu kuulizwa alipiga kura gani. Kura ni siri, na "mbona hujasema ulipiga ipi?" ni kumlazimisha mtu avunje siri yake mbele ya mashemeji.

Piga marufuku jina la jumla la kuwaita walioshindwa au walioshinda. Kenya Novemba 2005 alama za kura zilikuwa ndizi na chungwa. Chungwa, yaani HAPANA, lilishinda, rais akavunja baraza la mawaziri ndani ya siku chache, na chungwa likaja kuwa jina la chama kikubwa cha siasa. Swali lilikuwa rasimu ya katiba, lakini kambi ikabaki hai baada ya rasimu kufa. Kwenye kundi dogo mambo huwa hivyohivyo: ukiruhusu jina la kambi, mwezi wa tatu watu wanabishania ada ya kikundi kikambi.

Na sauti ndefu zile, zuieni. Ujumbe wa sauti wa dakika sita unabeba madai kumi na mawili na hakuna anayeweza kujibu hata moja. Dai moja, ujumbe mmoja, kwa maandishi.

Mwisho, msimamizi mwenye upande asimtoe mtu wa upande wa pili peke yake. Apate msimamizi mwenza wa upande ule, wakubaliane wote wawili ndipo mtu atolewe. Bila hivyo kila anayetolewa ni shujaa upande wa pili.

---

SautiKisimani

Bibi, shikamoo. Ushauri mzuri, lakini naona uzi wote unadhani kwamba utulivu una bei sawa kwa kila mtu. Aliyeshinda kutulia ni rahisi. Kuna ambao matokeo yanagusa karatasi zao za kuishi nchini.

Uingereza 2016, raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya waliokuwa wakiishi pale hawakuruhusiwa kupiga kura, isipokuwa wa Ireland, Malta na Kupro. Hao ni mamilioni ya watu walioamuliwa haki yao ya ukaazi. Miaka miwili kabla, Scotland 2014, kura ya uhuru, wakazi wa Umoja wa Ulaya walipiga, na vijana wa miaka 16 na 17 walipiga. Visiwa vilevile, kanuni mbili. Kwa hiyo mleta mada, kuna wa tano kwenye lile kundi lako la watu wanne: yule asiyekuwa kwenye daftari. Yeye umwambie nini? "Ungedai kabla"? Angedai kwa kura ipi?

---

WakiliZamu

Hoja nzito hiyo. Kisheria jibu ni kwamba daftari hupangwa na Bunge kwenye sheria ya kuitisha kura, na mahakama husita sana kuigusa. Kisiasa jibu ni baya: asiye na kura hana mbunge anayemwogopa. Alichobaki nacho ni hatua inayofuata baada ya matokeo, kwa sababu pale haki zinaandikwa kifungu kwa kifungu, na kwenye maoni ya kamati huulizwi kadi ya mpiga kura.

---

MtuPembeni

Hebu fafanua hiyo hatua inayofuata. Watu wengi tunadhani matokeo yakitangazwa yameshakuwa sheria.

---

WakiliZamu

Kwanza uliza kama kura ni ya kulazimisha au ya ushauri. Ya Uingereza 2016 ilikuwa ya ushauri, sheria ya kuiitisha haikuweka amri yoyote ya utekelezaji. Ndiyo maana 24 Januari 2017 Mahakama ya Juu, majaji 8 kwa 3, iliamua kwamba serikali haiwezi kutoa taarifa ya kujitoa bila sheria ya Bunge. Bunge likapitisha, taarifa ikatolewa 29 Machi. Kesi ile ilichukuliwa kama hila ya kuzuia matokeo, wakati ilihusu nani ana mamlaka ya kutekeleza.

Ya Kenya, 4 Agosti 2010, ilikuwa ya kulazimisha: NDIYO karibu asilimia 69, katiba ikazinduliwa 27 Agosti. Lakini hata hapo Jedwali la Tano liliorodhesha sheria za kutungwa na muda wake, kuanzia mwaka mmoja hadi mitano. Watu waligombana mwaka mzima kuhusu NDIYO na HAPANA, halafu sheria zilipoanza kutungwa wengi walikuwa wameshachoka. Kanuni ya jinsia, kwamba chombo cha kuchaguliwa kisizidi theluthi mbili za jinsia moja, Bunge halikuitungia sheria, mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu akamshauri rais alivunje Bunge. Halikuvunjwa. Yaani mtu alishinda kura mwaka 2010, na miaka kumi baadaye kipande cha alichokishinda hakijatekelezwa.

Kwa hiyo muswada wa utekelezaji ukitoka, upande wowote uliokuwa, fanya hivi. Pata maandishi ya muswada wenyewe, siyo muhtasari wa gazeti. Tafuta tarehe ya mwisho ya kupokea maoni, maana huwa fupi. Andika barua ya ukurasa mmoja au miwili. Kwa kila unachopinga taja namba ya kifungu, nukuu maneno yake, andika maneno unayotaka yawekwe badala yake, na sababu kwa sentensi mbili. Kamati zinapokea barua nyingi za "tunapinga muswada huu wote" na hazina pa kuziingiza. Barua yenye maneno mbadala mwandishi wa sheria anaweza kuiweka kwenye jedwali la marekebisho kama ilivyo.

Msisitize tafsiri za maneno mwanzoni mwa muswada. Huko ndiko "mkazi" anakuwa mtu aliyekaa miaka mitano au mmoja, na hakuna kampeni iliyowahi kulitaja jambo hilo.

---

SautiKisimani

Hapo nimekuelewa. Na kama barua ni ya watu wengi, saini nyingi kwenye barua moja au barua moja moja?

---

WakiliZamu

Kama madai yanafanana, barua moja yenye saini zote na namba ya idadi juu kabisa. Kama kila mmoja ana kifungu chake kinachomgusa, barua tofauti. Barua mia zilizonakiliwa neno kwa neno huwa zinahesabiwa kama moja. Tunzeni nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, itahitajika mkienda mahakamani kudai kwamba hamkusikilizwa.